Kifungu cha manunuzi kwenye mkataba wa franchaizi: soma hivi kabla hujasaini

Mkataba wa franchaizi, yaani wa kufungua tawi kwa jina la biashara ya mtu mwingine, ukiwekwa mezani, macho ya wengi hukimbilia sehemu mbili: ada ya kuingilia na mrabaha wa kila mwezi, ile asilimia ya mauzo unayomlipa mwenye jina. Ndizo zenye tarakimu. Lakini kwenye biashara ya chakula, dawa, vipodozi au mikate, fedha nyingi zaidi hupitia sehemu ambayo mara nyingi haina tarakimu hata moja, nayo ni kifungu cha manunuzi. Hapo ndipo panapoandikwa nani atakuuzia kuku, mafuta, unga, sosi, vifungashio, majiko na sare za wafanyakazi, na nani atapanga bei.

Namwandikia mtu wa Mwanza anayetaka kufungua tawi la chapa ya watu, kwa sababu inaniuma kuona mtu anaingiza kiinua mgongo au fedha za kiwanja kwenye biashara ambayo faida yake ilishagawanywa kabla mlango haujafunguliwa. Mwenye chapa ana haki ya kulinda jina lake. Chakula cha tawi la Igoma kikimuumiza mtu tumbo, jina linaloharibika ni la matawi yote. Haki hiyo siipingi hata kidogo. Ninachotaka ukione ni mpaka kati ya kulinda ubora na kukugeuza mteja wa lazima. Mpaka huo unachorwa ndani ya mkataba, na muda wa kuuchora ni kabla ya sahihi.

Nitatumia mfano wa mgahawa wa kuku wa kukaanga na chipsi, kwa kuwa kila mtu anaujua. Mwenye duka la dawa, saluni au mikate abadilishe majina ya bidhaa, hesabu ni ileile.

Hatua ya 1: Tafuta mrabaha uliojificha kwenye bei

Chukua daftari. Tuseme tawi linauza TSh 30,000,000 kwa mwezi na mrabaha ni asilimia 5, yaani TSh 1,500,000. Bidhaa unazolazimika kununua kwa mwenye chapa zinakula asilimia 40 ya mauzo, yaani TSh 12,000,000. Sasa tuseme bei zake zimezidi za soko kwa asilimia 15. Bidhaa zilezile ungezipata kwa TSh 10,435,000 hivi, kwa hiyo umelipa ziada ya TSh 1,565,000. Ziada hiyo imeupita mrabaha wenyewe. Ukijumlisha vyote viwili, kila mwezi unamwachia zaidi ya asilimia 10 ya mauzo huku karatasi ikisema 5. Na hapo hujalipa pango, umeme wala mpishi.

Tarakimu hizo ni za mfano tu. Za kwako utazipata kwa kuomba orodha kamili ya bei kabla hujalipa chochote, hata ile ada ya kushikiwa eneo. Kisha zunguka nayo: wafugaji wa kuku, mawakala wa mafuta ya kula, maduka ya jumla ya katikati ya mji, wachapaji wa vifungashio. Linganisha bei ya mlangoni kwako, siyo bei ya ghala la Dar es Salaam, maana kutoka kule mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 1,100 za barabara na kila kilomita ina mtu wa kuilipia. Uliza pia kama bei ina VAT ndani. Ikiwa mauzo yako hayajafika kiwango cha kusajiliwa, ambacho tangu 2023 ni TSh 200,000,000 kwa mwaka, VAT hiyo huwezi kuidai TRA. Inabaki kuwa gharama yako.

Mwenye chapa akikuambia orodha ya bei utaiona baada ya kusaini, usisaini. Hapa sina neno la kulainisha.

Hatua ya 2: Soma kifungu chenyewe, neno kwa neno

Vifungu vya aina hii hufanana. Mara nyingi utakuta kitu kama hiki:

"Mwendeshaji atanunua bidhaa na vifaa vyote kutoka kwa Mwenye Chapa au wasambazaji atakaowateua, kwa bei zitakazotangazwa mara kwa mara, kwa mujibu wa Mwongozo wa Uendeshaji."

Sentensi moja, mitego minne. "Vyote" inaingiza mpaka sabuni ya kuoshea vyombo. "Atakaowateua" inamaanisha leo ni msambazaji wa Mwanza, kesho anaweza kuwa kampuni ya shemeji yake iliyoko Dar. "Mara kwa mara" haina kikomo wala taarifa ya kabla. Na huo Mwongozo wa Uendeshaji ni kitabu ambacho mwenye chapa anaweza kukibadilisha peke yake wakati wowote, bila sahihi yako, na bado kikakufunga. Omba kuusoma wote. Ukiambiwa ni wa siri, jitolee kusaini ahadi ya kutunza siri, kisha uusome wote ofisini kwao.

Hatua ya 3: Gawa orodha mafungu matatu

Hili ndilo jambo la kupeleka mezani. Ukienda na malalamiko ya jumla utaonekana mbishi, lakini ukienda na mafungu matatu utaonekana mfanyabiashara.

Fungu la kwanza ni vile vinavyobeba siri ya chapa: mchanganyiko wa viungo, sosi maalumu, labda unga wa kupakia kuku. Hapa mkubalie. Bila hivyo hununui chapa yoyote. Unachodai kwenye fungu hili ni kanuni ya bei, nitaifikia.

Fungu la pili ni bidhaa ambazo ubora wake unaweza kuandikwa na kupimwa: kuku, viazi, mafuta, mikate, friza, jiko la kukaangia. Hapa mwenye chapa aandike kiwango, wewe utafute anayekifikia. Vifungashio vyenye nembo viko fungu hili pia, ila kwa uangalifu. Nembo ni mali yake, hivyo mchapaji apate kibali cha maandishi na idadi ya kuchapa itajwe, ili maboksi yenye jina lake yasizagae kwa wauza chipsi wa mtaani.

Fungu la tatu ni vya kawaida: gesi, sabuni, tishu, mifagio, maji, kalamu. Viondolewe kabisa kwenye mkataba.

Hatua ya 4: Dai viwango vilivyoandikwa

Fungu la pili halina maana bila hatua hii, kwa hiyo kaa hapa kwa muda mrefu kuliko kwingine.

"Kuku bora" siyo kiwango. Kiwango ni hivi: kuku wa nyama, amechinjwa na kusafishwa, bila kichwa, miguu wala utumbo, uzito kati ya gramu 1,100 na 1,200, amekatwa vipande vinane, ngozi haijachanika, hana michubuko ya damu, amefika mlangoni akiwa na nyuzi joto zisizozidi 4, kwenye kreti safi yenye tarehe ya kuchinjwa. Mtu mwenye mizani na kipimajoto cha kuchoma kwenye nyama anaweza kukagua hayo kwa dakika chache, na wawili wakikagua kuku mmoja watapata jibu moja. Nenda na karatasi ya namna hiyo kwa mfugaji wa Buswelu au Kisesa na atakuambia papo hapo kama anaweza, kwa bei gani, na anahitaji siku ngapi kabla hajakuletea oda ya kwanza. Bila karatasi hiyo, kila kuku utakayenunua mwenyewe mkaguzi atasema "huyu siyo wa kwetu", na utarudi kwenye gari la msambazaji wao.

Fanya hivyo kwa mafuta (ya alizeti, ya pamba au ya mawese, yabadilishwe baada ya kukaanga mara ngapi au yakifikia rangi gani), kwa viazi (ukubwa, aina, unene wa kukata), na kwa mkate. Pale ambapo kiwango cha TBS, shirika la viwango la taifa, kipo, mkataba ukitaje kama kiwango cha chini.

Samaki wana sura yao. Ikiwa menyu ina minofu ya sangara au sato, na mkataba unakutaka ununue minofu iliyogandishwa kutoka kwa msambazaji aliyeko mkoa mwingine, simama hapo. Mwanza ina viwanda vinavyosindika sangara kwa ajili ya soko la Ulaya, soko la Mwaloni Kirumba liko hapahapa, na maabara ya taifa ya kudhibiti ubora wa samaki iko Nyegezi. Kumsafirisha sangara kutoka ziwani na kumrudisha ziwani kwa gharama ya mwenye tawi hakulindi ubora wa chochote. Sema hivyo, kwa adabu, na omba mabadiliko.

Hatua ya 5: Weka njia ya kumpitisha muuzaji wa karibu

Mikataba mingi husema unaweza kupendekeza muuzaji mwingine "kwa idhini ya Mwenye Chapa". Haki hiyo isiyo na tarehe ni ukuta uliochorwa mlango. Omba iandikwe hivi, au kwa maneno ya wakili wako:

"Mwendeshaji anaweza kupendekeza muuzaji kwa maandishi, akiambatanisha sampuli. Mwenye Chapa atajibu ndani ya siku 21. Akikataa, atataja ni kiwango kipi hakikufikiwa. Asipojibu ndani ya muda huo, muuzaji atahesabiwa amekubaliwa mpaka itakapoonyeshwa kwamba hafikii kiwango."

Gharama ya kupima sampuli iwekewe kikomo cha shilingi. Nimeona rasimu inayomtaka mwenye tawi alipie tiketi ya ndege, hoteli na posho za wakaguzi wawili ili waje kutazama kiwanda kidogo cha mikate. Haki iliyofungwa kwa gharama ya namna hiyo haitatumika kamwe, na aliyeiandika analijua hilo.

Hatua ya 6: Funga bei, na uliza kuhusu kamisheni

Kwa bidhaa za fungu la kwanza, ambazo lazima ununue kwake, usikubali bei ipangwe anavyotaka. Njia zinazofanya kazi ni mbili. Ya kwanza: bei yake iwe gharama yake halisi pamoja na asilimia mliyokubaliana, nawe uwe na haki ya kuona ankara mara moja kwa mwaka. Ya pili: bei isizidi ile anayowauzia matawi yake mwenyewe, ukiongeza usafiri tu. Yoyote utakayochagua, ongeza taarifa ya siku 30 kabla ya bei kupanda. Menyu yako imeshabandikwa ukutani, huwezi kuibadilisha kila lori likifika.

Kamisheni ni jambo watu wanaona aibu kuliuliza. Msambazaji aliyeteuliwa na mwenye chapa huweza kumrudishia mwenye chapa asilimia fulani ya kila mzigo unaonunua wewe. Siyo wizi kwa lazima, mnunuzi mkubwa hupewa punguzo kila mahali. Swali ni nani anayenufaika nalo. Marekani, kanuni za tume ya biashara ya FTC zinamlazimisha mwenye franchaizi kueleza haya kwenye hati anayompa mnunuzi kabla ya mkataba, kipengele cha 8: vitu gani ni lazima, vinunuliwe kwa nani, na yeye anapata mapato gani kutokana na manunuzi hayo. Tanzania hatuna sheria mahususi ya franchaizi, kwa hiyo hakuna atakayekuletea hati hiyo bila kuiomba. Iombe kwa barua. Andika: "Naomba kufahamishwa kwa maandishi kama kampuni, wakurugenzi wake au ndugu zao wana hisa kwa msambazaji yeyote aliyeteuliwa, na kama kampuni hupokea kamisheni, punguzo au malipo yoyote kutokana na manunuzi ya matawi." Majibu hayo yaambatanishwe kwenye mkataba. Ukipewa jibu la mdomo, lirudishie kwao kwa baruapepe siku hiyohiyo: "Kama tulivyozungumza leo..."

Hatua ya 7: Panga siku ambayo mzigo hautafika

Barabara ikikatika kwa mvua, lori likilala njiani, au ghala lao likiishiwa, wewe bado una wafanyakazi na pango. Kifungu cha dharura kiseme: mzigo ukichelewa zaidi ya saa 48, unaruhusiwa kununua bidhaa inayofikia kiwango popote, utunze risiti, utoe taarifa kwa ujumbe, na hilo lisihesabiwe kuvunja mkataba. Ongeza pia haki ya kununua au kuazima kutoka tawi jingine la chapa hiyohiyo, liwe Shinyanga, Musoma au Bukoba. Hilo si jambo la ajabu. Kwenye kesi ya Pronuptia, iliyohusu maduka ya nguo za harusi, Mahakama ya Haki ya Jumuiya ya Ulaya ilisema tarehe 28 Januari 1986 kwamba mwenye franchaizi anaweza kutaka bidhaa zitoke kwa wauzaji aliowachagua pale ambapo ubora hauwezi kuelezwa kwa vipimo, lakini asimzuie mwenye duka kuzipata kutoka kwa wenzake wa mtandao uleule.

Kataa kiwango cha chini cha manunuzi kisichofungamana na mauzo. Ukilazimishwa katoni 60 za unga kwa mwezi huku unatumia 35 tu, stoo yako inakuwa ghala lao, na unalipa wewe.

Hatua ya 8: Usisaini ukitegemea kwamba mahakama itakurekebishia

Wapo wanaosema, "Nitasaini, wakinionea nitakwenda mahakamani." Sikiliza kesi mbili za Marekani, ambako franchaizi imezeeka.

Kampuni ya Chicken Delight haikuwatoza wenye matawi ada wala mrabaha. Badala yake iliwataka wanunue kwake majiko, vikaangio, vifungashio na michanganyiko ya unga na viungo, kwa bei iliyo juu ya ya soko. Mwaka 1971 mahakama ya rufaa ya shirikisho, kanda ya tisa, ilisema jina la biashara na bidhaa hizo ni vitu tofauti, na kulifunga jina kwenye bidhaa namna ile kulivunja sheria ya ushindani. 

Mwaka 1997 wenye matawi ya Domino's walijaribu njia inayofanana. Kampuni ilikuwa inawauzia karibu asilimia 90 ya viungo na vifaa walivyotumia. Safari hii mahakama ya rufaa, kanda ya tatu, iliwakatalia. Sababu iliyotolewa ndiyo ninayotaka uikumbuke: kifungu kilikuwemo kwenye mkataba, walikiona kabla ya kusaini, na siku ile walikuwa huru kwenda chapa nyingine.

Kwetu, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza makubaliano yanayodhoofisha ushindani na matumizi mabaya ya nguvu ya soko, na Tume ya Ushindani, FCC, hupokea malalamiko. Lakini sheria hiyo hutazama athari kwa soko zima. Chapa yenye matawi machache ikikubana wewe peke yako, ni vigumu kuonyesha kwamba soko limeumia. Kinachobaki ni Sheria ya Mikataba, na mkataba ni ule uliousaini. Ndiyo maana fedha ya wakili itumike sasa, kwenye rasimu. Mwambie wakili aangalie pia mgogoro utasikilizwa wapi na kwa sheria ya nchi gani. Ukitakiwa kudai TSh 4,000,000 za mzigo mbovu mbele ya msuluhishi wa Johannesburg, hutadai.

Jambo jingine dogo: Afrika Kusini, Sheria ya Kulinda Walaji ya 2008 inampa mwenye tawi siku 10 za kazi baada ya kusaini za kujitoa bila gharama. Hapa sheria haikupi, ila hakuna kinachokuzuia kuziomba kwenye mkataba. Mwenye chapa anayejiamini hatahangaika nazo.

Hatua ya 9: Waulize waliotangulia, na mjiunge

Omba majina ya wenye matawi wote, pamoja na waliofunga. Hao waliofunga ndio wa kuwatafuta kwanza. Nenda muda ambao mgahawa umetulia, msalimie, kaa, agiza chai. Maswali yawe mafupi: "Kaka, mzigo ukichelewa wanakuruhusu ununue kwingine?" "Dada, tangu ufungue bei imepanda mara ngapi, na walikupa taarifa ya siku ngapi?" "Umewahi kupendekeza muuzaji wako? Walikujibu nini?" Mtu aliyeumia atakuonyesha ankara mwenyewe.

Mkishakuwa matawi matatu au manne ya Kanda ya Ziwa, nunueni fungu la pili kwa pamoja. Wenye migahawa ya Burger King huko Marekani wana ushirika wao wa manunuzi unaowatafutia bei. Sisi wa kanda hii hatuhitaji kufundishwa jambo hilo na Wamarekani: wakulima wa pamba waliunda shirikisho lao la vyama vya ushirika, Victoria Federation, mwaka 1955, kwa sababu walichoka kupangiwa bei na mizani ya mtu mwingine. Hakikisha tu mkataba haukatazi wenye matawi kuwasiliana. Ukikuta katazo hilo, liondoe kwanza kabla ya mengine yote.

Hatua ya 10: Siku ya kuachana

Mkataba ukiisha, stoo itakuwa na katoni za sosi na maboksi yenye nembo ambayo huruhusiwi kuyatumia kesho yake. Jikoni kutakuwa na vikaangio ulivyolazimishwa kununua kwao. Andikeni mapema: bidhaa zisizofunguliwa na ambazo hazijaisha muda azinunue kwa bei uliyolipa, ndani ya siku 30. Vifaa vikubwa awe na haki ya kwanza ya kuvinunua kwa thamani itakayokadiriwa na mtu mliyemkubali wote, na akikataa uviuze popote baada ya kung'oa nembo. Deni lako kwake na deni lake kwako vihesabiwe pamoja. Hesabu ya stoo ifanywe mkiwa wote wawili, kwa karatasi yenye nakala mbili, na kila mmoja aondoke na yake iliyosainiwa.